Kontena la Tano

Lori lilikata kona bila kupunguza mwendo. Magurudumu ya nyuma yakapanda ukingo wa barabara, yakashuka kwa kishindo.

Nyuma yake, Yamaha nyeusi.

Juu ya Yamaha, mwanamke ambaye Idara ilimwita Tandu. Jina alilopewa na wazazi wake lilijulikana na watu wachache, na wengi wao walikuwa wameshazikwa.

Kifaa cha sikioni kikakoroma.

"Tandu, uko wapi?"

"Nyuma yake."

"Kontena?"

"Liko juu ya tela. La bluu. Lakiri haijakatwa."

"Lisifike mizani."

"Halifiki."

Aliyekuwa upande wa pili ni Mkuu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliyokuwa nayo hakuyapamba.

Tandu aliujua mzigo uliotafutwa. Dawa za ganzi. Bandia. Maji ya chumvi ndani ya vichupa vyenye lebo safi kuliko zile za kweli. Katika hospitali za mpakani, wagonjwa walikuwa wamelazwa mezani wakihesabu namba ili usingizi uwachukue, usingizi haukuja, na kisu kikapita. Mmoja alikuwa mama aliyekwenda kujifungua kwa upasuaji. Mtoto alitoka hai. Mama hakutoka.

Akavuta mafuta. Pikipiki ikapita ubavuni mwa lori, upande wa kushoto, karibu kiasi cha kuhisi joto la injini kwenye goti. Glock ikatoka kiunoni.

Risasi mbili.

Tairi la mbele likapasuka. Lori likayumba, likalala kidogo, likajirudi, likasimama katikati ya mashamba ya mkonge, mikono ya dereva ikiwa tayari juu.

Tandu alikata lakiri kwa koleo na kufungua milango.

Magodoro.

Akachana moja kwa kisu. Sponji. La pili, sponji. Akapanda mpaka mwisho wa kontena akipiga kuta kwa kitako cha bastola akitafuta uwazi wa siri. Kuta zilikuwa kuta.

Walikuwa wamechezewa tena. Mara ya mwisho walipochezewa hivi, Bubu alikufa.

Bubu alikuwa mwenzake wa kazi, na walimwita hivyo kwa utani kwa sababu mdomo wake haukuwahi kupumzika. Aliwekwa peke yake ndani ya jengo lisilomalizika kwenye njia panda, avizie msafara. Mahali pale palijulikana na watu wawili tu, Tandu na Mkuu. Wauaji walimjia kwa nyuma, taratibu, kama watu walioelekezwa njia.

Akashuka. Dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, amechoka zaidi ya kuogopa.

"Nani amekwambia leo ubebe magodoro?"

"Hakuna anayeniambia, dada. Naangalia taa."

"Taa gani?"

Dereva alinyanyua kidevu kuonyesha Samsung iliyobanwa kwenye dashibodi, kioo chake kimepasuka pembeni. Kwenye skrini kulikuwa na ukurasa mtupu wenye maneno manne, moja chini ya jingine. Picha. Filamu. Geti. Sauti. Kila neno lilikuwa na kitone cha kijani mbele yake, isipokuwa neno filamu. Kitone chake kilikuwa cha kijivu.

"Filamu ikizimwa, mzigo wenyewe unapita kaskazini, na mimi natoka kuwazungusha nyinyi," dereva alisema. "Geti likizimwa, unapita darajani. Zote zikiwa kijani, tunalala. Nani anazima, nani anawasha, sijui. Mimi ni wa usukani tu."

Hakuna simu. Hakuna ujumbe. Hakuna cha kunasa.

Tandu hakuwa anamsikiliza tena.

Alikuwa anayatazama yale maneno manne. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki siku yalipoandikwa. Alikuwa amemcheka aliyeyaandika, akamuuliza kwa nini asiyape majina ya kisasa, na yule akajibu kwamba yeye anaita kitu kwa kazi yake.

Shemeji yake. Mume wa marehemu dada yake.

"Tandu. Ripoti."

"Magodoro," alisema.

"Na dereva?"

"Hajui kitu."

Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kumdanganya Mkuu. Ilitoka laini kuliko alivyotarajia.

*

Shemeji yake alikuwa fundi miwani. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa karakana, na wakati Tandu anaingia alikuwa ameinama juu ya jiwe la kusagia, anasaga ukingo wa lenzi, maji meupe yakimtiririka vidoleni.

"Karibu, shemeji," alisema bila kuinua kichwa. "Umekuja wakati mzuri. Mashine yangu inanitia wazimu."

"Imefanya nini?"

"Filamu inazimika yenyewe. Naiwasha, inakaa, inazimika. Juzi lilikuwa geti. Nadhani ni uzee. Nabonyeza kitu bila kujua."

"Si uzee," Tandu alisema. "Nionyeshe."

Mashine ilikaa chumba cha ndani, kile ambacho dada yake alishonea nguo. Cherehani ilikuwa bado pale, imefunikwa kitambaa. Chini ya rafu ya nyuzi kulikuwa na kisanduku cheusi cha ukubwa wa tofali, kinanguruma kidogo, kimeunganishwa na ruta na diski ya akiba. Hiyo ndiyo ilikuwa seva ya nyumba, kompyuta ya kutunza mafaili yote. Shemeji alianza kuijenga baada ya mazishi, kwa sababu alihitaji kitu cha kushika mikononi jioni zinapokuwa ndefu.

Aliyaeleza mambo yake kama kawaida, kwa fahari ya mtu aliyejifunza mwenyewe.

"Kila kazi ina kontena lake. Hili la picha, hili la filamu, hili la kamera ya geti, hili la sauti. Moja likiharibika mengine hayana habari. Nalizima, nalisafisha, naliwasha. Kama vyumba."

"Na sauti umeisafisha vipi? Zile rekodi zilikuwa na makelele."

Uso wake ukafunguka.

"Plagini. Unaipachika ndani ya kontena, inaondoa upepo, inaondoa feni, inabaki sauti tupu. Daktari aliniwekea. Ngoja usikie."

Akabonyeza.

Dada yake akaongea ndani ya chumba.

Hakuwa anasema jambo kubwa. Alikuwa mgonjwa tayari, na alikuwa anamgombeza mumewe kwa kuacha mlango wa kabati wazi, kisha akakohoa, kisha akacheka kwa sababu mlango wenyewe ulikuwa umefunguliwa na yeye. Rekodi kama hizo zilikuwa nyingi. Katika miezi yake ya mwisho alirekodi kila kitu kilichomjia, maagizo, malalamiko, kuhesabu vishikizo.

Tandu alisubiri mpaka iishe.

"Daktari ni nani?"

"Mteja. Nilimtengenezea miwani. Tulipoongea nikajua ni mtu wa kompyuta, nikamweleza shida yangu, akaja na plagini yake mwenyewe. Hakutaka hata ahsante. Tunamwita Daktari kwa sababu mashine ikiumwa anaiponya. Mtu mwema sana, shemeji."

"Niache nayo kidogo."

Shemeji alirudi kwenye lenzi zake. Tandu akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika mstari mmoja wa kuiamuru mashine itaje kila kontena linalofanya kazi.

Ukurasa wa shemeji, ule uliofunguka kwenye simu yoyote yenye mtandao, ulionyesha manne.

Mashine ilitaja matano.

La tano liliitwa msaada. Plagini ya Daktari ndiyo iliyolileta, kimyakimya, siku ileile ilipopachikwa. Lilikuwa na ruhusa ya kuwasha na kuzima mengine. Lilikuwa na ruhusa ya kusikiliza vipaza vya kengele ya mlango na vya spika za kila chumba. Na lilikuwa linawasiliana na kifaa kimoja tu kisicho na jina, kilichoingia kwa Wi-Fi ya nyumba hiyohiyo.

Akafungua hifadhi yake. Mafaili ya sauti, mengi. Akavaa spika za masikioni na kusikiliza moja.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Bubu yuko jengo la njia panda. Yuko peke yake. Mlango wa nyuma hauna komeo, lakini hakuna anayejua kama yuko pale."

Aliikumbuka ile simu. Alikuja kumjulia hali shemeji yake, Mkuu akapiga, naye akaingia chumba cha cherehani kwa sababu kilikuwa kimya kuliko vyote, akafunga mlango ili azungumze kwa usalama.

Hawakuchagua nyumba hii kwa bahati. Waliichagua kwa ajili yake.

Akazivua spika taratibu. Mikono ilikuwa imetulia, ndivyo ilivyofundishwa. Akapita karakana, akatoka mpaka barabarani.

*

Alipiga simu akiwa amesimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, ambapo mtu alikuwa anakata chuma na hakuna sikio lingeweza kufika.

Alisema yote. Dereva, vitone, kontena la tano, Bubu.

Mkata chuma akamaliza kipande, akaanza kingine.

"Ulijua tangu barabarani."

"Ndiyo."

"Ukaniambia hajui kitu."

"Ndiyo, Mkuu."

"Hilo tutalizungumza. Huyo Daktari yuko umbali gani?"

"Anatumia Wi-Fi ya nyumba. Hata akiwa na antena nzuri, yuko mtaa huu au wa nyuma yake."

"Nakuletea gari la mawimbi. Wewe rudi ndani, uongee kama ulivyozoea kuongea. Mzigo mwingine uko ghala la mto. Nataka upite darajani."

"Na shemeji?"

"Asijue. Akijua, uso wake utajua."

Gari lilikuja likiwa na maandishi ya kampuni ya kuuza maji. Liliegesha chini ya nguzo ya umeme. Ndani yake vijana wa mitambo walikuwa na antena iliyofichwa kwenye dumu tupu, na skrini ya kuonyesha mawimbi yanatoka upande gani.

Tandu aliingia chumba cha cherehani, akafunga mlango kama kawaida yake, akaweka simu sikioni.

"Mkuu, ni kaskazini," alisema. "Toa watu wote darajani. Ndiyo, wote. Wapeleke kaskazini."

Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki akatazama skrini.

Mlango ukafunguliwa. Shemeji, na vikombe viwili vya chai.

Kitone cha geti kikawa kijivu.

"Umeona? Linazimika lenyewe." Akaweka vikombe juu ya cherehani na kunyoosha mkono kwenye kipanya. "Ngoja niliwashe."

"Liache."

"Kwa nini?"

"Liache tu, shemeji."

Alimtazama. Fundi miwani alikuwa mtu aliyetumia maisha yake kuangalia macho ya watu. Hakuuliza tena, lakini hakuondoka.

Walikunywa chai. Alimwambia habari za mteja mmoja mtoto aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba miti ina majani mojamoja. Tandu alicheka mahali pa kucheka. Skrini haikubadilika. Chai ikapoa.

Sikioni, mkoromo.

"Darajani," Mkuu alisema. "Malori mawili. Tumeyafunga mbele na nyuma. Vichupa mpaka juu."

"Daktari?"

"Atajua sasa hivi. Jiandae."

Alijua.

Neno filamu likatoweka kwenye ukurasa. Halikuzimwa. Lilitoweka. Kwenye dirisha jeusi mistari ikaanza kukimbia.

"Anafuta," Tandu alisema. "Na anaandika takataka juu yake. Hakitarudi kitu."

"Nani anafuta?" Shemeji alikuwa amesimama. "Shemeji, nani anafuta?"

Neno geti likaenda.

"Vijana wamepata mtaa," Mkuu alisema. "Hawajapata nyumba. Akikata mawasiliano tunampoteza. Mwache afute."

"Mkuu, humu mna vitu."

"Mwache afute, Tandu. Ana nyumba nyingine kama hiyo. Kesho atakuwa ndani ya nyingine."

Neno picha likaenda.

"Diski ya akiba," Tandu alisema. "Shemeji, ile diski ina nakala?"

"Ina nakala ya kila kitu. Daktari aliniambia isichomolewe kamwe, ili—" Akasimama katikati ya sentensi. Aliona taa ya diski ikipepesa kwa kasi, na akaelewa, palepale, bila kuelezwa. Akapiga magoti kando ya rafu ya nyuzi, mkono ukaenda kwenye soketi ya umeme.

Tandu akaudaka.

"Bado."

"Imebaki sauti."

"Najua."

"Ni dada yako mle, shemeji. Ni dada yako."

"Najua."

Alijaribu kuvuta. Alikuwa na mikono laini ya kazi ndogondogo, na Tandu aliushika mkono ule jinsi alivyofundishwa kushika mikono ya maadui, kidole gumba juu ya mshipa, kiwiko kikigeukia nje. Hakupiga kelele. Alimtazama tu kutoka pale chini. Tandu hakuangalia pembeni, kwa sababu aliona angalau hilo anadaiwa naye.

Kifaa cha sikioni kilikuwa kimya. Kisanduku kilikuwa kinanguruma kidogo, kama siku zote.

Neno sauti likaenda.

"Tumempata," Mkuu alisema. "Juu ya duka la vioo, nyuma ya ukuta wa ua wa shemeji yako. Wewe ndiye wa karibu."

Akauachia mkono. Ukabaki hewani kidogo, kisha ukashuka wenyewe.

*

Aliruka ukuta wa ua, akaangukia kwenye mapipa ya rangi, akapanda ngazi za chuma za duka la vioo.

Kwenye kibaraza cha juu kulikuwa na mlinzi mnene mwenye redio ya Motorola. Mkono mmoja ulikuwa unaenda ndani ya koti.

Haukufika.

Goti. Kiwiko. Redio ikabingirika ngazi zote mpaka chini.

Tandu akapiga teke mlango.

Chumba kilikuwa na kitanda cha kukunja, meza, ThinkPad, na antena ndefu kama fimbo ikichungulia nyuma ya pazia. Kwenye kiti alikuwa mwanamume wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, miwani imemkaa sawasawa usoni. Aliyemtengenezea alijua kazi yake.

"Umeniacha mpaka nikamaliza," Daktari alisema. Alionekana kushangaa kweli. "Nilijua utachomoa. Nilikuwa nimejiwekea muda wa kuondoka, kwa sababu nilijua utachomoa."

"Simama. Mikono kichwani."

"Nina nakala."

Kidole chake kilikuwa juu ya kibodi. Akabonyeza, na dada yake Tandu akasikika kwenye spika ndogo za kompyuta, anahesabu vishikizo. Kimoja kimepotea. Anaanza upya.

"Kila kilichosafishwa na plagini yangu kilibaki na mimi," Daktari alisema. "Zote zipo. Zimefungwa, na ufunguo uko kichwani mwangu. Geukia ukutani kwa muda wa mtu kushuka ngazi. Nitakutumia. Mimi si mtu wa kuvunja ahadi."

Chini, milango ya gari la maji ilifunguliwa. Miguu ikaanza kukimbia.

Dada yake alifika kwenye kile kishikizo tena. Akasonya.

"Bubu alikuwa na watoto," Tandu alisema.

"Sikumjua."

"Alikuwa anaongea sana. Ungemrekodi, ungechoka."

Akavuka chumba kwa hatua moja na kumpiga kwa kitako cha Glock chini ya sikio. Alipoanguka kiganja chake kilifunga kifuniko cha kompyuta. Sauti ikakatika katikati ya namba.

Ilipofunguliwa tena na vijana wa mitambo, iliomba neno la siri.

*

Vichupa vilichomwa kwenye tanuri la kiwanda, mbele ya mashahidi. Nyumba nyingine zilipatikana, moja baada ya nyingine, kila moja na kontena la tano, kila moja na mtu mpole aliyeshukuru kwa msaada. Daktari hakusema kitu. Alikaa mbele ya wapelelezi amekunja mikono, anatabasamu kidogo kila alipoulizwa neno la siri, na mwisho wakaacha kumuuliza. Kompyuta yake ikawekewa kibandiko na kufungiwa chumba cha vielelezo.

Mkuu alimwita Tandu ofisini. Hakumwambia akae.

"Nitaandika kwamba maongezi yetu yalinaswa. Sitaandika yalinaswa wapi."

"Andika na wapi, Mkuu."

"Mjane wa Bubu ataisoma ripoti hiyo."

"Ndiyo maana nasema andika."

Mkuu akafunga jalada. "Kazi nzuri," alisema, na kutoka kinywani mwake ilisikika kama karipio.

Tandu alikwenda kwa shemeji yake mchana. Karakana ilikuwa wazi. Alikuwa anapima fremu kwenye uso wa sanamu ya plasta, na kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimefungwa bendeji.

"Unaendeleaje, shemeji?"

"Nafanya kazi kwa kushoto. Si mbaya."

Tandu alisimama. Alikuwa ameandaa maneno njiani, yote ya kweli, akina mama waliolala salama mezani, wengine ambao wangelala. Hakuyasema.

"Magazeti yanasema mlimkamata," fundi miwani alisema. "Yule Daktari."

"Tulimkamata."

"Alikuwa na nakala?"

Angemwambia ndiyo, angekwenda pale Idarani kila wiki. Angeandika barua. Angeomba kuonana na Daktari, angepiga magoti mbele ya kioo cha gereza, na Daktari angetabasamu.

"Hapana," Tandu alisema.

Fundi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea bei aliyoitarajia. Kisha akafumba macho na kuyaacha yamefumba.

"Sikuwahi kukwambia," alisema. "Mna sauti moja, wewe na yeye. Moja kabisa. Ukiongea nikiwa nimegeuka, najisahau. Ndiyo maana nilikuwa napenda uje."

Fundi alipapasa meza, akaiweka fremu chini.

"Sasa naomba usije. Na usipige simu, shemeji. Ukiwa na neno, niandikie."

Tandu alifungua mdomo kuaga. Akamwona jinsi alivyokaa, macho yamefumba, shingo imekaza, anasubiri na anaogopa.

Akaufunga.

Akavaa helmeti, akatoka, akavuta mlango bila kuubamiza. Pikipiki iliwaka kwa mkupuo mmoja. Mwisho wa mtaa kifaa cha sikioni kilikoroma, na Mkuu akamuuliza yuko wapi.

Tandu akagonga kipaza kwa ukucha, mara mbili, ile ishara ya mtu asiyeweza kuongea, akaingia barabara kuu.